Paka anajikuna mpaka ananyonyoka: ni dagaa au ni vumbi la Dodoma?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mtumishi, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Tulihama kutoka Dar mwaka juzi tukaja na paka wetu Chausiku, jike, mweusi tii, sasa ana miaka minne. Dar tulikaa ghorofa ya tatu, hatoki nje, na hakuwahi kuumwa hata mafua. Hapa tuna uwanja, anazunguka anakotaka, lakini naona kama nimemleta kwenye mateso.

Ilianza mwaka jana mwezi wa nne, mvua zikiishia. Akawa anajilamba sana, nikasema paka ni msafi. Kuja kushtuka, manyoya ya mgongoni kwa chini, pale mkia unapoanzia, yameisha kama amenyolewa. Ukiangalia huoni kitu, ila ukipitisha mkono unasikia vipele vidogo vidogo vimejaa, vingine vina kigaga. Anaweza kuwa amelala, ghafla anageuka kama amechomwa sindano, anajing'ata, anatimua mbio. Usiku anajikunia mlangoni, mguu unagonga mbao ko-ko-ko-ko, mume wangu anaamka na hasira zake.

Mwezi wa nane akapata nafuu mwenyewe, manyoya yakaanza kuota. Krismasi haijapita, hali ikarudi. Mwezi wa kwanza nikampeleka kwa daktari mmoja wa mifugo. Akamtazama dakika chache, akamchoma sindano, akasema ni aleji. Siku ya pili yake paka akalala usingizi. Wiki tatu hazijaisha vizuri, akaanza upya. Nikarudi, akachomwa nyingine, yakawa yale yale. Sasa ni mwezi wa tatu, naambiwa nimpeleke kwa sindano ya tatu na mimi nasita.

Kila mtu nyumbani ana lake. Mume wangu anasema ni vumbi, maana upepo wa Dodoma haulali. Dada wa kazi anasema ni dagaa, kwa kuwa Dar alizoea samaki wabichi, hapa anakula dagaa wakavu, ugali na mchuzi wetu unaobaki. Jirani anayefuga ng'ombe ameniletea dawa ya kuogeshea kwenye chupa ya maji, anasema kifuniko kimoja kwenye ndoo na kila kilichomo mwilini kinakufa. Mama mkwe anasema paka mweusi anayenyonyoka si wa kukaa naye ndani, nimtoe kabla hajamletea mtoto pumu. Viroboto hana. Nimemkagua mara nyingi sijaona hata mmoja.

Mengine sijui kama yana maana. Analala stoo juu ya magunia, na nyuma ya stoo ndiko kuku wa jirani wanakopenda kujigaragaza. Mwanangu wa miaka mitano ana vipele kwenye vifundo vya miguu, nadhani ni mbu. Na juzi kwenye blanketi lake Chausiku nimekuta vitu kama punje za mchele zilizokauka, nikakung'uta nikafua.

Kuna kipimo cha damu cha aleji nimpeleke nikajue moja? Nimeambiwa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, kuna hospitali ya wanyama, niko tayari kupanda treni. Na ile dawa ya jirani niitumie?

Mama J., Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu. Na mbukwa pia, kwa salamu ya Kigogo, maana kwa muda uliokaa huku umeshakuwa wa kwetu.

Nianze na chupa ya jirani, kabla hujafika nayo bafuni. Usiitumie. Usijaribu hata nusu kifuniko. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe ni jamii ya permethrini na ndugu zake, au ni amitrazi. Ng'ombe anazivumilia, na mbwa anavumilia nyingi kati yake. Paka hazivumilii. Ini lake halina uwezo wa kuvunjavunja sumu kadhaa ambazo wanyama wengine wanazimaliza kwa saa chache, na zaidi ya hapo, chochote utakachompaka mgongoni atakilamba mpaka kiishe. Nimewahi kuletewa paka aliyeogeshwa dawa ya mbwa: mate yanamtoka, masikio yanatetemeka, kisha mwili mzima unatetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Ikitokea kwako au kwa msomaji mwingine, mwoshe paka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike apate joto, na mkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo. Usisubiri kukuche.

Nikiwa hapo hapo, zipo na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa, mafuta ya taa, na unga wa kuulia wadudu wa kuku. Vyote hivyo viache. Na Panadol, kwa anayefikiria kumtuliza maumivu: kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua paka.

Sasa tuje kwenye barua. Umeandika aya ndefu kuhusu wanavyosema watu, halafu mwishoni ukaweka yale ambayo "sijui kama yana maana." Mwanangu, barua yenyewe ni hiyo aya ya mwisho.

Chukua punje za mchele kwanza. Kitu kama punje ya mchele mahali paka anapolala, au kilichonata kwenye manyoya chini ya mkia, mara nyingi ni kipande cha mnyoo wa tegu. Kikiwa kibichi kinatambaa kidogo, kikikauka kinakuwa cha njano kama ufuta au mchele. Tegu anayepatikana zaidi kwa paka wa nyumbani hapatikani kwa kula uchafu wala kwa maji. Anampata kwa kumeza kiroboto. Paka anajilamba, anamnasa kiroboto kwa ulimi, anammeza, na ndani ya kiroboto huyo kulikuwa na mtoto wa tegu. Kuna tegu mwingine anayetokana na kula panya, na paka wa stoo panya hakosi, kwa hiyo sitasema huo ni ushahidi uliokamilika. Lakini paka asiye na viroboto kabisa angekuwa na shida kuupata huo wa kwanza.

Halafu mtoto. Mbu anauma popote palipo wazi, mkono, shavu, shingo. Vipele vinavyojikusanya kwenye vifundo vya miguu, viwili vitatu pamoja, mara nyingi ni kazi ya mdudu anayeruka kutoka sakafuni. Muulize dada wa kazi kama naye anawashwa miguu akitoka stoo.

Na eneo lenyewe. Paka anayejing'ata mgongo wa chini penye shina la mkia, mwenye vipele usivyoviona ila unavisikia kwa vidole, kama umepitisha mkono juu ya punje za uwele kwenye ungo, huyo mshukiwa wake wa kwanza ni kiroboto. Madaktari wenyewe waliupa ugonjwa huo wa vipele jina linalotokana na neno la Kilatini la nafaka ya jamii hiyo ya uwele. Bibi wa Kigogo angeutambua kwa mkono kabla ya mwenye darubini.

Utaniambia: lakini sijaona hata mmoja. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na nisingependa nikulaumu. Kinachomtesa Chausiku si wingi wa viroboto, ni mate yao. Kiroboto akiuma anaacha mate kwenye ngozi, na paka mwenye mzio wa mate hayo hahitaji viroboto mia. Kuumwa mara chache kunamkosesha raha kwa siku nyingi. Na kwa kuwa anawashwa, analamba. Ulimi wa paka una miiba kama chanuo, basi anawazoa wote na kuwameza. Paka anayewashwa sana ndiye utakayemkagua usione kitu. Yule wa jirani asiye na mzio anaweza kutembea na viroboto thelathini mwilini, anasinzia juani, wala hana habari. Tena Chausiku ni mweusi na kiroboto ni wa kahawia nyeusi. Unatafuta tembe ya mkaa kwenye gunia la mkaa.

Kwa hiyo usimtafute kiroboto, tafuta kinyesi chake. Leo jioni chukua kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana, na karatasi nyeupe ya chooni. Mchane taratibu kuanzia kiunoni kuelekea mkiani, ukandamize meno yafike ngozini. Vumbi jeusi litakalobaki kwenye kitana ligonge kwenye karatasi, kisha lidondoshee maji matone mawili matatu na usubiri dakika moja. Udongo wa Nkuhungu ukilowa unabaki udongo. Kinyesi cha kiroboto ni damu aliyoinyonya, kikilowa kinatoa rangi nyekundu ya kutu inayosambaa kwenye karatasi. Ukiona wekundu huo hata kwenye chembe moja, mjadala wa dagaa uahirishwe. Usipouona, bado hatujamwachia huru, kwa sababu ile ya ulimi niliyokueleza. Rudia siku tatu mfululizo, na chana pia blanketi.

Na mara hii mwangalie na kingo za masikio. Kuku wa kienyeji wana kiroboto wao, mdogo, anayejichomeka kichwani akabaki hapo hapo kama mbegu nyeusi iliyopandwa. Wachungulie kuku wa jirani kuzunguka macho na kwenye upanga utawaona. Huyo huwahamia hata paka na mbwa wanaoshinda jirani na kuku. Hakimbii ukimgusa, ndiyo tofauti.

Sasa vumbi na dagaa. Nimependa ulivyoandika miezi, wengi hawaandiki. Umesema hali ilianza mvua zikiishia, ikapoa mwezi wa nane, ikarudi Desemba. Mwambie baba watoto kwa heshima zote: vumbi la Dodoma linatimka lini? Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi, pale kila dirisha lina utando mwekundu na sahani unaisuuza kabla ya kupakua. Ndiyo miezi Chausiku aliyoota manyoya. Kama vumbi ndilo lingekuwa mwenye kosa, mwezi wa nane angekuwa hoi. Na dagaa? Mwezi wa nane alikula dagaa wale wale, ugali ule ule. Mzio wa chakula haujui kiangazi wala masika, unakuwapo mwaka mzima ilimradi chakula kipo.

Kiroboto ndiye anayejua majira. Viluwiluwi wake wanahitaji unyevu, na ukavu wa kiangazi chetu unawaua walio nje. Mvua zikirudi Desemba wanashamiri. Kuna kingine kinachofuata kalenda hiyo hiyo: chavua za nyasi na magugu, maana huku kila kitu huota na kutoa maua kwa pupa miezi ya mvua. Kwa hiyo wasi wangu wa pili ni chavua na ukungu wa stoo, dagaa ni wa tatu, vumbi la barabarani liko mbali sana nyuma.

Kuhusu sindano. Sitamsema daktari nisiyemwona, lakini ninavyoisoma, ilikuwa ya jamii ya steroidi inayokaa mwilini muda mrefu. Hiyo inazima muwasho wa karibu kila aina, uwe wa kiroboto, wa chakula au wa chavua, ndiyo maana kupona kwake kwa wiki tatu hakukutuambia sababu. Ni kama kuzima king'ora mwizi akiwa bado ndani. Kwa paka anayejichana mpaka damu mimi mwenyewe ningeitumia mara moja ili apumue. Tatizo ni kuifanya ratiba. Paka anayechomwa steroidi za namna hiyo mara kwa mara anaweza kupata kisukari, na ukimwona anakunywa maji kupita kawaida na kukojoa sana, usingoje. Umefanya vizuri kusita. Mpigie daktari umuulize jina la sindano na tarehe zote mbili, uandike. Atakayemwona baadaye atalihitaji.

Nataka ufanye nini, basi? Uanze na kiroboto, kwa ukali, miezi mitatu mfululizo, na usibadilishe kitu kingine chochote kwa wakati huo. Chakula kiwe kile kile, kasoro mchuzi wenu. Mchuzi uache leo kwa sababu nyingine kabisa: vitunguu maji na vitunguu swaumu vinaharibu damu ya paka, viwe vibichi au vimepikwa. Wengi hatukulijua hilo, na paka wetu wameishi kwa mabaki.

Dawa iwe ya paka. Kuna za matone ya kudondoshea nyuma ya shingo asipofikia kwa ulimi, zenye fipronili au selamektini, kila mwezi tone lake kwa uzito wake. Mpime: simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, toa. Boksi liwe na picha ya paka, si mbwa, na muuza dawa akikwambia "ya mbwa ni ile ile, gawa nusu," mshukuru na uondoke. Ulizia kwenye maduka ya dawa za mifugo mjini, na kama hawana, daktari anaweza kukuagizia. Akikupa na dawa ya tegu, mpe; ila jua kwamba tegu atarudi kama viroboto wapo. Na kama kuna mbwa au paka mwingine pale nyumbani au anayelala uwanjani kwenu, naye apate dawa inayomfaa siku hiyo hiyo. Ukimtibu mmoja ukamwacha mwingine umefuga viroboto kwa huyo wa pili.

Lakini kazi kubwa iko stoo. Kiroboto jike hutaga mpaka mayai arobaini kwa siku, na mayai hayanati, yanadondoka kama chumvi kila paka anapojikuna. Yanaanguliwa viluwiluwi wanaokimbia mwanga, wanaingia chini ya magunia na kwenye nyufa za saruji, wanakula hicho kinyesi cha damu kinachodondoka pamoja nao. Kisha wanajifunga kwenye vifuko, na humo wanaweza kungoja miezi mpaka wasikie mtikisiko na joto la anayepita. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa muda mrefu ukiifungua unavamiwa miguu. Wanaomtembea Chausiku ni sehemu ndogo tu ya ukoo. Wengine wako chini ya magunia.

Kwa hiyo toa magunia yote nje Jumamosi moja, yaanike juani, yapigwe fimbo. Jua letu ni dawa ya bure. Fagia stoo mpaka pembeni, takataka usizitupe uani, zichome. Blanketi lake lifuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Mhamishie malazi mahali pasipo na magunia, kitu kimoja tu cha kufulika, na kuku wawekewe uzio wasijigaragaze hapo. Mkitaka kupulizia dawa ya wadudu, paka na watoto watoke mpaka pakauke kabisa na hewa ipite. Na tegemea jambo hili ili usikate tamaa: baada ya wiki mbili tatu utaona viroboto wapya. Dawa haijashindwa. Ni wale wa kwenye vifuko ambao dawa haiwafikii, wanatoka, wanamrukia paka mwenye dawa, wanakufa.

Uwe na daftari. Kila Jumapili usiku mpe alama ya muwasho, sifuri mpaka kumi. Kumi ni ule usiku wa kugonga mlango. Na anza sasa hivi, mvua zikiwapo. Ukianza mwezi wa saba utaisifia dawa kwa kazi iliyofanywa na kiangazi.

Kabla hujaanza, mrudishe mara moja kwa daktari, si kwa sindano, ila umwombe akwangue ngozi kidogo atazame kwenye darubini, na achunguze masikio. Upo utitiri wa paka unaoanzia kingo za masikio na kichwani, unatoa ugaga mnene wa kijivu, na unaambukiza watu muwasho wa muda. Upo wa ndani ya sikio, unaoacha nta nyeusi kama machicha ya kahawa. Na yapo mashilingi, ukungu unaonyofoa manyoya kwa viraka vya duara. Hayo yanahamia kwa watoto, kwa hiyo mwanao akitoka duara lenye ukingo mwekundu, mpeleke naye hospitali. Ulivyoeleza, Chausiku hafanani na hata kimoja, lakini ni vipimo vya bei ndogo na vinakuondolea wasiwasi.

Kipimo cha damu ulichouliza, fedha hiyo iweke kwanza. Kwa mzio wa chakula vipimo vya damu havitegemeki, vinaweza kukutajia vyakula ambavyo paka hana shida navyo. Kwa chavua na vumbi la ndani vinasaidia baadaye tu, mzio ukishathibitika kwa kuondoa mengine yote, kuchagua dawa ya kumzoesha mwili. SUA ni pazuri pa kwenda, ile ni hospitali ya kufundishia na utakuta darubini na watu wanaobishana kabla ya kuandika dawa. Nenda ukiwa na daftari la miezi mitatu. Ukienda leo watakuuliza la kwanza: viroboto umewadhibiti?

Alama zisiposhuka kabisa ndipo tunamgeukia dagaa. Samaki ni kati ya vinavyoongoza kwa mzio wa chakula kwa paka, pamoja na ng'ombe na kuku, kwa hiyo dada wa kazi hakuropoka. Jaribio lake ni moja: nyama ya aina ambayo hajawahi kula, mathalani sungura, iliyochemshwa bila chumvi wala kiungo, hiyo tu kwa wiki nane. Kisha unamrudishia dagaa, na kama ndio, muwasho unarudi ndani ya siku chache, kwa kawaida wiki mbili hazipiti. Bila kumrudishia hujathibitisha kitu. Lifanye ukiwa na daktari, kwa sababu nyama tupu haimtoshi paka kwa muda mrefu, na akigoma kula siku mbili mpe chakula chake cha zamani. Paka akishinda njaa ini linaharibika. Nimeliweka mwisho kwa kuwa paka wa uwanjani ni mgumu: wewe unampikia sungura, yeye anamalizia panya stoo na kichwa cha dagaa kwa jirani. Itabidi umfungie ndani wiki zote nane.

Wenye paka weupe mnaosoma hapa, kidonda kisichopona kwenye ncha za masikio au puani msikiite aleji. Jua la huku juu linawaunguza, na kikikaa kinageuka saratani. Mpelekeni mapema.

Mama mkwe mwache na rangi ya paka, lakini neno la pumu lisikilize. Mzio wa mtu kwa paka upo, unatokana na mate na ngozi ya paka yeyote, mweusi au mweupe, mwenye manyoya au aliyenyonyoka. Kama mtoto anabanwa kifua au anakohoa usiku, ampime daktari wa watoto. Kama hana dalili hizo, paka asitolewe kwa kosa la kiroboto. Mtoto awe tu ananawa mikono baada ya kumshika paka, hasa kwa ajili ya yule tegu, maana mtoto naye akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kumpata.

Chupa ya jirani mrudishie na asante, ng'ombe wake wanaihitaji. Karatasi ya chooni ukishaidondoshea maji, niandikie imetoa rangi gani.